Mchanga wa tipa au udongo wa mtaroni?

Kutoka Madimba, Mtwara, hadi mpaka wa Lindi na Pwani, bomba la gesi la inchi 36 linaloelekea Dar es Salaam linapita ardhi ya kila namna. Kwa mabomba yatakayofuata, mabishano ni yaleyale: mkandarasi atandike na kufukia kwa mchanga wa kuletwa, au achekeche udongo aliouchimba mwenyewe?

Wanaotaka mchanga wana hoja nzito. Chuma hicho huvishwa ganda la plastiki la unene wa milimita tatu hivi. Jiwe la matumbawe lenye ncha likibaki chini ya bomba, uzito wa bomba na kifusi utaligandamiza mwaka hadi mwaka mpaka litoboe. Kifaa cha umeme kinachosaka matundu kabla bomba halijashushwa hakiwezi kuliona, maana tundu lenyewe bado halijatokea. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, nao huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukivuta ganda.

Lakini mchanga gani? Wa ufukweni uko karibu, ila una chumvi, na chumvi ni mwaliko wa kutu. Wa mtoni unalipiwa tipa kwa tipa, na mto unabaki mashimo. Tena mchanga mtupu kwenye mteremko hugeuza mtaro kuwa mfereji: maji hupenya kando ya bomba na kuusomba, usipoweka vizuizi vya viroba. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata hata barabara kuu wilayani Kilwa.

Wapo wanaosema tulifunge bomba blanketi gumu la plastiki, tumalize ubishi. Mimi hapana. Blanketi lisilopitisha maji huzuia pia umeme wa kinga, ule mdogo unaopitishwa ardhini hadi kwenye chuma kisishike kutu, na pale ganda lilipochubuka chuma hakipati kinga yake.

Kwa maoni yangu, kwenye udongo laini wa Uwanda wa Makonde kuleta mchanga ni kutupa hela. Kwenye mwamba wa matumbawe, lete, angalau sentimita 15 chini ya bomba. Ninachohofia zaidi ni chekeche lenyewe. Mvua ikinyesha, udongo unanata, matundu yanaziba, na eskaveta ikiona hivyo inamwaga kifusi moja kwa moja, mawe kwa udongo. Basi mkataba ulipe uchekechaji kama kazi yake yenyewe, na sehemu ya malipo ishikwe hadi ganda lipimwe tena kutokea juu ya ardhi, mtaro ukishafukiwa.