Mzee Ametutoka

Kwanza niseme: baba yangu yu hai, anakula vizuri, na juzi amenipigia kunikumbusha deni la hema na viti. Naanza na hilo kwa makusudi.

Yote yalianza Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Katiba ilikuwa imeshakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini kwetu Uganda jambo la maana husemwa mara mbili. Mimi, Mnubi wa mji wa Bombo niliyepanga chumba kimoja Kawempe, jijini Kampala, niliona nyota yangu imewaka. Miaka yote nimeishi katika jiji ambalo ukisema Kiswahili usiku, jirani anakaza komeo akidhani ni askari au mwizi. Sasa watoto watakisoma kwa lazima! Watatafuta mwandishi, na mwandishi mwenyewe ndiye huyu hapa, anakula kikomando, yaani chapati na maharage, kibarazani.

Nikafungua ukurasa Facebook. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na wasomaji 11, na watatu kati yao walikuwa mimi mwenyewe kwa majina mengine.

Lawama nikazitupa kwingine. Facebook kwetu imefungwa tangu Januari 2021, wiki ya uchaguzi, kwa hiyo mtu akitaka kukusoma lazima azungukie mlango wa nyuma kwa VPN. VPN inakula bando, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12. Nani atajitesa hivyo kwa ajili ya shairi langu la machweo ya Kawempe?

Nikamlipa mwalimu mmoja wa "siri za waandishi wa mtandaoni" shilingi 50,000, pesa ambayo ingenilisha chapati na maharage karibu mwezi mzima. Somo lake lote lilikuwa sentensi mbili: usimpe msomaji chakula mlangoni, mwache kwanza asikie harufu.

Nikaanza kupika harufu. ALICHOKIFANYA MWANAMKE HUYU WA BUSIA KITAKUTOA MACHOZI. Hiyo ilikuwa makala ya kukata vitunguu. MAELFU WAVAMIA MASAKA USIKU, WAANGUKIA KWENYE MAPIPA. Nsenene hao, panzi wetu wa kuliwa, msimu wa Novemba, wakifuata taa na kuteleza kwenye mabati. Wasomaji wakafika 60. Mmoja alinitukana kwa Kiganda, nikafurahi, maana alikuwa amesoma.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilikuwa nahesabu wasomaji kabla ya kunawa uso. Nilihesabu kwenye taksi, nilihesabu foleni ya maji, na Mungu anisamehe, nilihesabu hata viatu vyangu vikiwa bado mlangoni mwa msikiti.

Simu yangu niliiita Mzee. Ilikuwa ya mtumba, kioo kimepasuka, mgongo umefungwa kwa mpira, ikipata joto inazima na kulala mpaka ijisikie. Alhamisi moja alfajiri niliingia nayo chooni. Choo chetu ni cha shimo, tunakitumia vyumba vinane. Nikachuchumaa, mkono mmoja ukihesabu wasomaji, mwingine ukipapasa ukuta gizani. Mzee akateleza. Nikasikia chubwi.

Vijana wa mtaa walikuja na waya wakaupinda kama ndoana. Wakavua weee, wakatoa ndala moja na kitu ambacho tulikubaliana tusikitaje. Mama mwenye nyumba akatufukuza kwa kelele kwamba tutambomolea choo. Mzee akabaki huko.

Mtu mwenye akili angelia kidogo kisha atafute simu nyingine. Mimi nilisikia harufu ya makala. Mchana nikaenda kwenye kafe ya intaneti Wandegeya nikaandika hivi:

MZEE AMETUTOKA. Alfajiri ya leo Mzee aliteleza akaanguka shimoni. Vijana wa mtaa walijaribu kumtoa, wakashindwa. Hakuaga. Sijui Mama nitamwambia nini.

Mama alitajwa kwa sababu ndiye aliyenichangia pesa za kuinunua. Kwamba Mzee ni simu, nililisema wazi kabisa, katika aya ya nane.

Kijana wa kafe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mzee yupi, ssebo?" akauliza, sauti imeshuka. Nchini kwetu neno hilo, likiandikwa kwa herufi kubwa bila jina la mtu, lina mwenyewe, naye anakaa Ikulu. Nikamwambia asome aya ya nane. Hakutaka kusoma hata ya pili. Aliniambia nilipe nitoke, na aliponirudishia chenji aligeuzia uso ukutani, nadhani ili baadaye aweze kuapa kwamba hakuniona.

Nikahamia kafe ya pili. Wasomaji 900. Kufika magharibi, 4,112! Maoni yanamiminika: pole sana, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Mungu ampe kauli thabiti. Nikacheka peke yangu. Nikasema, wasomaji wangu wana ucheshi hawa, wameingia kwenye mchezo.

Kisha mmoja akauliza: "Ni Mzee wa Bombo? Yule dereva wa jeshi mstaafu?"

Vidole vyangu vilisimama. Neno moja tu, "simu", lingemaliza kila kitu. Nikaitazama ile 4,112. Nikaandika: "Soma mpaka mwisho, ndugu."

Nilichokuja kukijua baadaye ni hiki. Binamu yangu aliyeko Nairobi, ambako Facebook haina kufuli, alipiga skrinishoti ya ule mwanzo tu, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Bombo nzima ikaipata bila VPN na bila aya ya nane. Wakanipigia: sipatikani. Wakampigia Baba: hapatikani. Baba alikuwa ameondoka Alhamisi hiyohiyo kwenda Nakasongola kuangalia mbuzi wake, na simu yake haijawahi kumaliza siku mbili na chaji. Mama alikuwa Arua kwa dada yangu aliyejifungua. Akapanda basi la usiku.

Mimi Ijumaa asubuhi nikapanda taksi kwenda Bombo. Nilikuwa nakwenda kumwomba Baba pesa ya simu.

Nikashuka stendi, nikaona watu wengi wamevaa kanzu wanaelekea upande wa kwetu. Nikamuuliza mwenye boda kuna nini. "Msiba. Yule mzee dereva, wa nyumba yenye mwembe."

Naapa sikuunganisha chochote. Miguu iliisha nguvu. Nilipanda ile boda nikilia kwa sauti, nikaingia uani nikilia, nikajitupa chini ya hema nikimwita baba yangu. Shangazi zangu wawili wakanidaka. Wanawake waliokuwa wamenyamaza wakaanza upya. Sufuria tatu za wali zilikuwa zinachemka, na kule nyuma nilisikia majembe: kaburi lilikuwa kiunoni.

"Jikaze, mwanangu," Shangazi akaniambia. "Tumesoma ulivyoandika. Umeandika kwa uchungu."

"Nimeandika nini, Shangazi?"

Akanionyesha simu yake. Nikasoma maneno yangu mwenyewe, mpaka pale yanapokatika kwenye "endelea kusoma". Machozi yakagoma katikati ya shavu. Na kwa kuwa leo nasema ukweli, niseme wote: kabla hofu haijanishika, nilitazama kwanza ile skrinishoti inaonyesha wangapi wameisambaza.

"Sasa mwili uko wapi?" akauliza Shangazi. "Baba yako mdogo ameondoka alfajiri kwenda kwako na vijana wanne, wana kamba na ngazi."

Nikafumbua mdomo niseme. Sheikh akatangulia. Akasimama, akatuliza watu, akauliza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, warithi walipe, mzigo usimwelemee huko alikokwenda. Watu wote wakanigeukia mimi, mrithi.

Jirani yetu mmoja, ambaye simtaji kwa heshima ya watoto wake, akainuka na kofia mkononi. Akasema kwa huzuni kwamba marehemu alimchukulia mbuzi dume mwaka jana, shilingi 400,000, wakaaminiana bila karatasi.

"Mbuzi gani?"

Sauti ilitoka nyuma, langoni. Baba alikuwa ameshuka kwenye boda, vumbi la Nakasongola mpaka kwenye kope, mkononi ana kamba na mwisho wa kamba yuko mbuzi.

"Nauliza, mbuzi gani? Huyu?"

Nimewahi kuona watu wakikimbia mabomu ya machozi Kampala, lakini sijawahi kuona hema likitoka na nguzo zake. Shangazi mkubwa alizimia, mdogo akamzimia juu yake. Wachimba kaburi walitoka kaburini kwa kuruka, na mmoja ana miaka zaidi ya 60. Mdai wa mbuzi alipita kwenye ua wa miiba, na kofia yake iko kwetu mpaka leo. Aliyebaki ameketi ni Sheikh, ingawa kwa ninavyomjua, magoti ndiyo yalimkatalia.

Baba akaketi kwenye kiti cha kwanza. "Nani amekufa?" akaniuliza.

"Simu, Baba."

"Simu ya nani?"

"Yangu. Naiita Mzee. Iliangukia chooni."

Watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, kwa hiyo walisikia vizuri. Baba hakusema kitu. Na wakati huohuo Baba mdogo akaingia na vijana wake, kamba begani, uso umevimba kwa kilio. Walikuwa wamemkuta mama mwenye nyumba wangu, ambaye Kiswahili chake kina ngeli moja tu, ya watu. Walipomuuliza kama ni kweli Mzee ameanguka shimoni, aliwajibu: "Ndiyo, ameanguka, na hatolewi! Mniachie choo changu!" Wakamwombea dua pale pale mlangoni mwa choo, watu wa vyumba vinane wakisubiri zamu.

Baba mdogo alipomwona kaka yake ameketi na mbuzi, aliiacha kamba ianguke taratibu.

Basi la Mama lilifika baada ya sala ya Ijumaa. Hapo siendi, maana alinipiga kwa kandambili mbele ya wajukuu.

Wali uliliwa; usingeweza kumwagwa. Baba naye alikula, tena sahani mbili, huku akipekua daftari la mabugo, ile michango ya msiba. Alisoma kwa sauti jina na kiasi. Rafiki yake wa miaka 30 alikuwa ametoa 2,000, na Baba akaukunja ule ukurasa pembeni. Kisha akanipa jembe nifukie kaburi mwenyewe. Nilimaliza saa moja usiku, bila wa kunishika mkono.

Hema, viti na kuni nalipa mpaka sasa. Yule mwalimu wangu alinitumia pongezi: makala yangu anaifundishia wanafunzi wapya, na ada imepanda hadi 80,000.

Baba alininunulia kasimu kadogo ka tochi, kasichojua Facebook ni nini. Nikimpigia, haitiki "haloo" tena. Anakohoa kwanza, kisha anasema, "Marehemu hapa. Nani mwenzangu?"