Eti "mchora katuni tu"

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye sendofu moja, na MC akamtambulisha rafiki yangu hivi: "Huyu tulikuwa tunamjua kama mchora katuni tu, lakini siku hizi anachora na picha za maana." Ukumbi ukapiga makofi. Rafiki yangu akasimama, akapunga mkono, akarudi kwenye pilau lake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Hiyo "tu". Hakuna anayesema "daktari tu". Hata fundi cherehani siku hizi anaitwa mbunifu wa mavazi, na haki yake. Mchora katuni ndiye kabaki na mkia wake, kama mtoto mkubwa ambaye shangazi zake bado wanamwita Kadogoo mbele za watu.

Nikikasirika namna hiyo huwa namkumbuka mchora katuni mmoja wa Nigeria, Akinola Lasekan. Alizaliwa Owo, kwenye nchi ya Wayoruba, mwaka 1916. Somo la uchoraji lenyewe kwenye shule za Nigeria lilipatikana kwa kupiganiwa: mchoraji mzee Aina Onabolu aliisumbua serikali ya kikoloni hadi ikamleta mwalimu wa sanaa, Kenneth Murray, kutoka Uingereza mwaka 1927. Lasekan yeye alisoma sanaa kwa posta. Kwa posta! Sisi video ikichelewa kufunguka sekunde tano tunalaani kampuni ya simu.

Mwaka 1944 akaanza kuchorea West African Pilot, gazeti ambalo mwanasiasa mpigania uhuru Nnamdi Azikiwe alilianzisha Lagos mwaka 1937 na kuliuza kwa peni moja. Akawa anatia saini "Lash". Halikuwa gazeti la matangazo ya harusi. Juni 1945 wafanyakazi wa Nigeria waligoma, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu isipokuwa mishahara yao, na Julai serikali ikalifungia Pilot kwa kuwaunga mkono. Hapo ndipo mtu wa katuni alipofanyia kazi: kwenye gazeti ambalo likikohoa, gavana hapati usingizi.

Sasa hesabu na mimi. Picha ya rangi za mafuta inaning'inia kwenye sebule ya mtu mmoja mwenye uwezo, na wageni wake kumi wanaisifia huku wanaangalia saa. Gazeti la peni moja linasomwa na karani, karani anamwachia kinyozi, kwa kinyozi linashikwa na kila anayesubiri zamu, likichakaa linafungia karanga, na anayekula karanga anaikuta katuni pale pale, ina mafuta kidogo lakini mkoloni bado anaonekana na tumbo lake. Jumba gani la sanaa lina watazamaji wa hivyo? Halafu mtu mwenye tai na kipaza sauti ananiambia habari ya picha za maana.

Haya, nakubali, Lash alikuwa na maneno mengi. Katuni zake nyingine zina maandishi utadhani barua kwa mhariri, na mchoraji wa leo angefuta nusu. Lakini angalia mkono wenyewe. Watu wake wana uzito, nguo zina mikunjo, kivuli kinaangukia panapostahili. Mkono huo ni wa mchoraji wa sura za watu, wa njia ile ile ya Onabolu, ambaye alichora watu wakafanana kabisa na wao ili kuwaziba midomo waliosema Mwafrika hawezi. Mwaka 1957 Lasekan alimchora J. D. Akeredolu, mtu wa Owo mwenzake, aliyekuwa anachonga vinyago vidogo kutoka kwenye miiba ya miti. Mchora katuni anamchora mchonga miiba! Najua MC wetu angewatambulishaje wale wawili.

Na tusimfanye malaika. Lasekan alikuwa upande wa Azikiwe waziwazi, na kalamu yake haikumhurumia mpinzani wake wa siasa, Obafemi Awolowo. Awolowo alikuwa Myoruba kama yeye. Azikiwe, mwenye gazeti, alikuwa Mwigbo. Chama cha Awolowo, Action Group, kilizinduliwa hadharani Aprili 1951, na unajua wapi? Owo. Nyumbani kwa Lasekan. Mimi nadhani kurudi kwenda kuwasalimu wazee hakukuwa kwepesi. Unaweza kumlaumu kwamba alikuwa mtu wa chama, na mimi kidogo namlaumu, lakini huwezi kusema alikuwa anachezea karatasi.

Baadaye mtu huyu aliyesoma kwa posta akafundisha sanaa chuo kikuu, pale Nsukka. Na si yeye peke yake Nigeria aliyeshika brashi na katuni pamoja. Kuna Josy Ajiboye. Kuna dele jegede, aliyezaliwa mwaka 1945, mchoraji, mchora katuni, na daktari wa historia ya sanaa, ambaye jina lake analiandika kwa herufi ndogo zote. Huyo kajinyima mwenyewe herufi kubwa, wala hakusubiri MC ampunguzie.

Rafiki yangu, kwa taarifa yenu, hakukasirika. Alimaliza pilau, akavuta karatasi ya kufutia mikono, akatoa kalamu. Dakika tatu. Tai inaburuta sakafuni, kipaza sauti kimeingia mdomoni kama ndizi, na macho yanatafuta bahasha. Meza nzima ilicheka mpaka MC akaacha shughuli, akaja kuuliza kuna nini.