Milioni moja, mashine mbili: laptopu gani kwa mwanafunzi wa chuo Uganda?

Tarehe 14 Oktoba 2025 ilipita kimya kimya katika maduka ya kompyuta ya Kampala. Siku hiyo Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Kompyuta nyingi nzima, zisizo na kasoro yoyote, zikabaki pembeni duniani kote kwa sababu Windows 11 haizitambui. Mashine za namna hiyo ni nyepesi, imara na za bei ya kuvutia, na mzazi anayemtafutia mwanawe laptopu ya chuo ndiye anayeonyeshwa kwanza.

Kuhusu laptopu ya mwanafunzi, watu hapa Uganda wamegawanyika. Wako wanaosema nunua mpya, hata kama nguvu yake ni ndogo, kwa kuwa kitu cha mtumba hujui kilikopita. Wengine wanasema mpya ya bei ya chini ni pesa iliyotupwa, chukua iliyotumika Uingereza. Tuchukue mzazi mwenye shilingi milioni moja hivi mfukoni. Kwa pesa hiyo kaunta moja inaweza kumwekea mashine mbili mbele yake. Ya kwanza imo ndani ya boksi, nailoni bado iko kwenye kioo, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Celeron ya daraja la chini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 4 na hifadhi ya mafaili ni GB 64 au 128. Ya pili ni HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad iliyofanya kazi ofisini Ulaya miaka kadhaa: prosesa ya Core i5 yenye nguvu zaidi, RAM ya GB 8, hifadhi ya SSD ya GB 256, na mikwaruzo miwili mitatu mgongoni. Mimi niko upande wa hiyo ya pili, ila kwa masharti, na masharti yenyewe ni mazito kuliko wauzaji wanavyokubali.

Wanaotaka mpya wana hoja, tusiwadharau. Hoja yao kubwa ni betri. Mwanafunzi anayepanga chumba Kikoni au Banda, mitaa ya Kampala, anajua usiku ambao Yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha na hakuna aliyechanga pesa ya kununua uniti, na anajua pia siku umeme unapokatika mtaa mzima wiki ya mitihani. Betri mpya ya saa sita kwake si anasa. Zaidi ya hapo, prosesa kama Celeron N4020 iliundwa itumie wati 6 tu, wakati Core i5 za laptopu za ofisini zilipangiwa wati 15. Ndiyo maana baadhi ya hizi ndogo hazina hata feni, hazingurumi wala hazichomi mapaja. Kuna dhamana ya kiwanda, na kuna utulivu wa moyo: mashine hiyo haijawahi kumwagikiwa chai na karani wa Manchester.

Tatizo liko kwenye namba. Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Rudi utazame namba za mashine ya boksi: imetengenezwa ifike kizingiti hicho na kuishia hapo hapo. Windows yenyewe na masasisho yake vinakula sehemu kubwa ya hizo GB 64 kabla mwanafunzi hajaweka faili hata moja. Mwache afungue kipindi cha mtandaoni, Word pembeni, na kurasa sita za kivinjari anakotafuta marejeo ya insha yake, halafu umtazame anavyosubiri herufi zitokee baada ya kuzichapa. Hapo angeongeza RAM, lakini katika mashine nyingi za daraja hili RAM imelehemiwa kwenye bodi, na hifadhi yake, ya aina iitwayo eMMC, vilevile. Fundi wa Wandegeya, hata awe hodari namna gani, hana nafasi ya kuchomeka kitu. Mashine ya miaka mitatu ya shahada inachosha mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu, wakati wa utafiti, ndipo inapotakiwa zaidi.

Laptopu za ofisini ziliundwa kwa mnunuzi mwingine kabisa. Kampuni kubwa za Ulaya hununua au kukodi mashine kwa mamia, hubadilisha baada ya miaka mitatu minne, na mzigo unauzwa kwa jumla, mara nyingi ukipitia Dubai. Kampuni hizo zina mafundi wao, kwa hiyo zilitaka mashine inayofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, yenye nafasi za RAM, SSD ya kuchomoa na kibodi inayobadilishika. Sifa hizo hizo zinamfaa mwanafunzi wa Uganda. Na kwa kuwa modeli moja ilitengenezwa kwa wingi sana, kioo cha EliteBook iliyokufa kinamponya mwenzake. Mafundi wa Kampala wanaishi kwa biashara hiyo.

Hapa ndipo tarehe ya Oktoba inapouma. Si kila EliteBook ni sawa. Tazama jina la prosesa, si lile la kwenye stika ya nje (stika zinabandikwa), bali linaloonekana ndani ya mipangilio ya Windows, sehemu ya maelezo ya mfumo. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: kizazi cha sita. Ukiona i5-7200U, ni cha saba. Windows 11 inaanzia rasmi kizazi cha nane, kama i5-8250U au i5-8350U, ukiacha modeli chache mno. Kwa lugha ya dukani, na kwa kawaida tu, EliteBook 840 G3 na G4 ziko nje ya mstari, G5 iko ndani. ThinkPad T470 iko nje, T480 ndani. Latitude 7480 nje, 7490 ndani.

Mstari huo hauhusu Microsoft peke yake. Intel ilipotoka kizazi cha saba kwenda cha nane katika prosesa hizi za laptopu nyembamba, i5 iliruka kutoka kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) mbili hadi nne. Ndiyo maana muuzaji anaposema kwa majivuno, “Mzee, hii ni i7, chukua hii,” mwulize ni i7 gani. Core i7-6600U ina kori mbili. Core i5-8250U ina nne. Jina kubwa hapa linauza kitu kidogo, na nimeona watu wakiongeza pesa ili wapate mashine dhaifu zaidi.

Muuzaji atakujibu kwamba G3 yake tayari ina Windows 11, njoo uone. Ni kweli utaiona. Kuna njia ya kuiweka Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika kwa kuruka ukaguzi wake, na inafanya kazi. Kinachokosekana ni ahadi: Microsoft haijifungi kuendelea kuipa masasisho mashine kama hiyo. Mimi nisingeikataa G3 moja kwa moja, lakini bei yake lazima ishuke sana, na mwenye kuinunua awe tayari kuhamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Kwa mwanafunzi wa sheria, elimu au sayansi ya jamii, ambaye kazi yake ni kusoma, kuandika na kupakia kazi kwenye tovuti ya chuo, Linux Mint yenye LibreOffice ya kuandikia kwenye G3 itamfikisha. Anayesoma upimaji ardhi au uhandisi asijidanganye: AutoCAD ya michoro na ArcGIS Pro ya ramani hazina toleo la Linux, ingawa QGIS, nayo ya ramani, inalo.

Sasa hatari za mtumba, na ni za kweli. Ya kwanza ni betri tena. Usiulize inakaa saa ngapi, kwa sababu jibu unalijua. Fungua Command Prompt, dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa. Ndani kuna mistari miwili ya kulinganisha: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo inaobeba sasa ikijaa. Betri iliyoundwa kwa mWh (kipimo cha nishati) 50,000 na sasa inabeba 20,000 imebaki na asilimia 40, hata kama alama ya kijani inaonyesha mia. Kwa kuwa betri za bandia huweza kutoa namba za uongo, chomoa chaja na uitumie hapo hapo nusu saa, video ikicheza, huku mnapatana bei. Muuzaji anayekuona msumbufu kwa nusu saa hatakujua kabisa ukirudi wiki ijayo.

Ya pili ni kufuli la BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Kampuni nyingi huweka nywila huko, na wakati wa kuuza mzigo baadhi husahau kuitoa. Windows itawaka vizuri tu, na hutagundua hadi siku unapotaka kuweka mfumo upya. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila na muuzaji hana, irudishe kwenye rafu.

Kibodi nayo inasema ilikotoka. Ikiwa Z imekaa mahali pa Y, huenda ilikuwa Ujerumani. Ikiwa A imekaa mahali pa Q, huenda ilikuwa Ufaransa, na vibandiko vya herufi vilivyowekwa juu yake vitaanza kubanduka mapema. Zilizotoka Uingereza zina faida moja ndogo ambayo watu hawaitaji: plagi yake ya pini tatu ndiyo soketi yetu. Zile za bara Ulaya huja na plagi ya pini mbili na adapta ya bei rahisi inayolegea ukutani, inatoa cheche, na siku moja inaondoka na chaja.

Kuhusu kubebeka, watu hutazama uzito tu. EliteBook ya inchi 14 ni kilo moja na nusu, mashine za boksi zenye kioo cha inchi 15.6 mara nyingi zinakaribia kilo mbili. Tofauti hiyo unaihisi ukiwa nyuma ya boda boda na begi mgongoni, au ukiwa umebanwa kiti cha nyuma cha taksi kuelekea Kyambogo. Lakini kwangu chaja ina uzito zaidi. G5 na T480 zinachaji kwa USB-C, maana yake chaja ya mwenzako, ikiwa na wati za kutosha, inakutoa kwenye shida. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa bila kuzima mashine, na kwa hosteli yenye umeme wa kubahatisha sijaona kinachoifikia kwa bei yake.

Kuna wanaosema mwanafunzi anunue tableti na kibodi, au Chromebook (laptopu ya mfumo wa Google), mambo yaishe. Kwa kusoma PDF kitandani, sawa. Chromebook ni nzuri penye intaneti isiyokatika, na tangu Septemba 2023 Google imeahidi masasisho ya miaka kumi, ila miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si siku ulipoinunua wewe. Kikwazo ni bando. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12 nchini, na mashine inayotegemea mtandao hata kwa kazi ndogo inamfanya mwanafunzi alipie laptopu yake kila wiki.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya umbali. Yote niliyosema juu ya mafundi na vipuri ni ya Kampala. Chukua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni, Arua, katika West Nile ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Kioo kikipasuka, kinaagizwa Kampala na kuja kwa basi. Je, kwake mpya si bora? Nimelipima hili na bado sijashawishika. Mashine mpya ikiharibika Arua, dhamana yake nayo iko Kampala, na kipuri chake ni adimu zaidi kuliko cha EliteBook. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa mbali hawezi kuikagua mwenyewe, anamtumia mtu pesa na kuletewa boksi. Huyo, kama hana ndugu wa kuaminika wa kukaa ile nusu saa dukani, naungana na wanaosema anunue mpya, na ajitahidi ipate RAM ya GB 8 hata kama itambidi asubiri muhula mmoja.

Kusubiri si kosa hata kwa wa Kampala. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi, iliyoanza mwaka wa masomo 2014/2015, inalipia ada na si laptopu, kwa hiyo pesa hii ni ya mzazi na mara nyingi ni ya mara moja. Agosti, vyuo vinapofungua, maduka yanajaa wanunuzi wenye haraka na punguzo linakuwa gumu. Wiki za mwanzo maabara ya kompyuta ya chuo inatosha, na wanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi ile ile watamwambia ni programu gani zinatumika kweli. Mzazi wa milioni moja anaweza kutumia laki nane kwenye mashine na kuiweka laki mbili kando kwa betri mpya, ambayo kwa laptopu iliyotumika atailipia tu kabla ya mahafali.