Kiingereza cha Uganda na vineno vinavyodondoka njiani

Chukua neno bodaboda. Inasimuliwa kwamba lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, wakinadi kwa Kiingereza "border to border". Kile ki-"to" cha katikati hakikufika mbali. Kilidondoka na hakuna aliyerudi kukiokota, maana abiria alijua vizuri anakotoka na anakopelekwa.

Kiingereza cha Uganda kimejaa vidondoke vya namna hiyo. Kampala mtu atakwambia "I will pick you at five", na asiyejibu simu "is not picking my calls". Aliyegongwa na pikipiki "was knocked by a boda". Mwingereza angetia "up" katika ile ya kwanza na "down" katika ya mwisho. Halafu, kana kwamba tunalipa deni, tunavipachika vineno hivyohivyo pale Mwingereza asipoviweka: "request for", "discuss about", "cope up with". Walimu wanakata alama, wazazi wanalalamika kwamba Kiingereza kimeoza, na wengine wanajibu kwamba lugha hii imekuwa rasmi kwetu tangu uhuru wa 1962, kwa hiyo ni yetu, tuisemavyo ndivyo ilivyo. Kabla ya kuchagua upande, inafaa kuangalia kosa lenyewe limetengenezwa na nini.

Kiswahili hubebesha kitenzi mzigo wote wa mwendo. Tunapanda, tunashuka, tunaingia, tunatoka, tunavuka, tunarudi. "Nyumbani" haibadiliki hata kidogo: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Kitenzi ndicho kinachojua njia. Kiingereza cha kila siku hufanya kinyume. Huchukua kitenzi kizembe kama "go" na kukifunga mkia: "go up", "go down", "go in", "go out", "go back". Mkia ndio unaojua njia. Kiingereza kinavyo pia vitenzi vya neno moja, kama "ascend", "enter" na "return", ila vingi vilikuja kwa njia ya Kilatini na Kifaransa na vina harufu ya ofisini. Nadhani ndiyo maana Mwafrika Mashariki mwenye Kiingereza cha kitabuni husikika kama hakimu hata anapoagiza chai.

Luganda nayo ina mikia yake. "Vaawo" ni ondoka hapo, "vaamu" ni toka humo, "gendayo" ni nenda huko. Kwa hiyo si kweli kwamba Mganda hana mahali pa kushikia jambo hili. Anapo, ila mikia haifanyi kazi ileile. Mwenyeji akikwambia "lyako", hiyo "-ko" inalainisha: kula kidogo, onja basi. Mwingereza akisema "eat up", ile "up" inakaza: kula uimalize sahani. Na ile "you first wait" inayochekwa sana ni "sooka olinde" iliyovalishwa suti. Katika Luganda, "sooka" ni kitenzi, maana yake tangulia kufanya, na lazima kitangulie. Katika Kiingereza "first" ni kielezi, na katika amri kama hiyo hukaa nyuma ya kitenzi. Msemaji hakukosa sarufi. Alitumia sarufi ya nyumbani.

Tuwasikilize sasa wanaokaza kamba. Hoja yao nzito ni kwamba kineno kidogo hubeba maana kubwa, na hakibashiriki. "The power went off": umeme umekatika. "The alarm went off": kengele imeanza kulia. "Off" moja inazima, nyingine inaamsha. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, aliandika kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatia wageni shida kubwa kuliko vyote. Ikiwa mtunga kamusi wa London alikiri hivyo, mtoto wa Kasese hawezi kuachwa akisie.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa mavazi. Uganda tunasema "he was putting on a yellow shirt" tukimaanisha alikuwa amevaa shati la njano. Kwa Mwingereza, mtu huyo alikuwa katika kulivaa, mkono mmoja ndani, mwingine nje. Sokoni haidhuru. Lakini fikiria maelezo ya shahidi kituo cha polisi. Anaeleza kwa Kiswahili, lugha ambayo askari wetu wameizoea kwa miongo mingi, kwamba mshukiwa "alikuwa amevaa" shati la njano, na karatasi ya Kiingereza inaandikwa "was putting on". Wakili mjanja wa upande wa pili atauliza: mlimkuta akibadilisha nguo? Uchungu wa jambo ni kwamba Kiswahili kina tofauti hiyo wazi, anavaa na amevaa, na Luganda pia, "ayambala" na "ayambadde". Tunaipoteza tunapoingia Kiingereza, ilhali "was wearing" ipo.

Wanaolegeza nao hawakosi hoja. Waulize wenye lugha: fomu hujazwa vipi? Uingereza husema "fill in", Marekani "fill out", na sisi "fill the form". Mikia miwili inayopingana, "ndani" na "nje", kwa kazi ileile ya kalamu. Kama wao kwa wao hawakubaliani, mtahiniwa wa Soroti aliyeacha mkia kabisa amemkosea nani? "Pick me at five" haijawahi kumwacha mtu stendi kwa sababu ya "up". Na lile la "discuss about" lina mantiki yake ndani ya Kiingereza chenyewe: nomino husema "a discussion about", "a request for". Mwanafunzi amehamisha kihusishi kutoka nomino hadi kitenzi. Ni kosa la mtu anayefikiri.

Mimi sioni faida ya kuyatupa makosa yote kapu moja. Kinachonikera zaidi ni orodha: ukurasa wa vitenzi hamsini na maana zake, kariri, kesho mtihani. Orodha haimwambii mtoto kwamba vile vineno ni vya aina mbili. Katika "look up the word", "up" ni kielezi kilichoshikana na kitenzi, kwa hiyo kiwakilishi hujipenyeza katikati: "look it up". Katika "look at the word", "at" ni kihusishi, nacho hakiruhusu kupenyewa: "look at it". Kipimo hicho kinafundishika kwa dakika kumi. Kisha kuna zile za ghorofa mbili, kielezi kikifuatwa na kihusishi: "put up with", "run out of", "look forward to". Hapo ndipo barua zetu nyingi za kazi hukwama, "I look forward to hear from you", kwa sababu mwandishi ameiona "to" akadhani ni ya kitenzi, kumbe ni kihusishi, nacho hudai "hearing". Na "cope up with" ni ndoa ya "cope with" na "keep up with". Ukimwonyesha mwanafunzi wazazi wote wawili, huacha mwenyewe.

Kuna upande wa jambo hili ambao sisi wapenzi wa Kiswahili hatuutazami. Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari nchini. Na Kiswahili kina mikia yake. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga chapa, na hapigwi mtu. Hoja hatuitupi tu, tunaitupilia mbali, na huyo "mbali" si wa kilomita. Mtoto wa Mbarara ataandika "nitakuita kwa simu" badala ya "nitakupigia", na kalamu nyekundu itakuwa mkononi mwa mmoja wetu. Mimi ningempigia mstari, nimwachie alama yake. Akiandika "alikuwa anavaa shati la njano" akimaanisha amevaa, ningemkata.