Gécamines: kampuni ilipoacha kuwa baba na mama

Mpaka leo Lubumbashi haijakubaliana kuhusu mpango wa 2003 wa kupunguza wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa fedha za Benki ya Dunia, watu zaidi ya 10,000, wengi wao wakiwa na miaka 25 kazini au zaidi, walipewa kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja wakaaga.

Wanaoutetea mpango huo wana hoja nzito, na si haki kuwaita vibaraka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, mitambo ilichakaa, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Kumwacha mtu kwenye orodha ya kazi bila mshahara si kumlinda. Sheria ya migodi ya 2002 ikaita wawekezaji, na leo nchi inatoa zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka.

Lakini kilichokatwa hakikuwa mshahara tu. Tangu Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoitangulia Gécamines, ilipoanza, miaka ya 1920, kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, kampuni ilibeba kila kitu: nyumba, hospitali, shule, na posho ya unga iliyopimwa kwa ukubwa wa familia. Mtoto akizaliwa, posho inaongezeka. Watu walisema kazi njo (ndiyo) baba, njo mama, na hawakutia chumvi. Basi mtu alipotoka kazini, zahanati, darasa na bukari (ugali) vilitoka naye.

Waliopanga walitumaini kwamba mwenye dola mkononi atageuka mfanyabiashara. Haya, tuseme mzee ananunua mashine ya kusaga mahindi. Akiwa peke yake mtaani, inalipa. Majirani watatu wakinunua za kwao, na umeme ukikatika kila siku, hailipi tena. Na wangapi walifika hata hapo? Madeni ya ile miaka ya njaa yalikuwa yanangoja mlangoni, pamoja na ada za shule. Mama ndiye aliyeshika nyumba, akiuza makaa na mboga, na ubabe wa baba ukapungua. (Hilo wazee hawapendi kuliongea.)

Wapo wanaosema zamani ilikuwa mbaya zaidi. Ni kweli. Katika mdororo wa miaka ya 1930 Union Minière iliwarudisha maelfu vijijini, na Desemba 1941 wagomaji walipigwa risasi humu humu mjini. Ila wa 1931 alikuwa na kijiji cha kurudi na shamba la kulima. Wengi wa 2003 walizaliwa kambini.

Kwangu mimi, kupunguza watu hakukuwa na budi. Kilichoharibika ni utaratibu: mfuko wa hifadhi ya jamii, uliokuwepo tangu 1961, ulipaswa kuimarishwa kwanza, ndipo watu waondolewe.

Na bado hatujajifunza. Sheria ya 2018 inazitaka kampuni za migodi zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Ni vizuri, ila fedha hizo hufuata mgodi, hazimfuati mfanyakazi. Vijana wengi sasa huajiriwa kupitia kampuni za kati, zinazoupelekea mgodi wafanyakazi, kwa mikataba mifupi. Mkataba ukiisha, matibabu ya watoto yameisha. Vyama vya wafanyakazi vikikaa na serikali, vianze na michango ya vijana hao katika CNSS, yaani huo mfuko wa hifadhi ya jamii: nani anailipa, na inamfuataje mtu anapohama mwajiri.