Fomula ya gesi na mtungi wa jikoni

Wanafunzi wa kidato cha tano wanakariri PV = nRT, fomula inayounganisha presha ya gesi (P), ujazo (V), idadi ya moli, yaani kiasi cha gesi (n), na joto (T), huku R ikiwa namba isiyobadilika; wanafanya maswali yake, wanapata vema zote, tunasonga mbele. Nafundisha fizikia hapa Dodoma, na naona tunaliacha somo pale pale linapoanza kunoga. Kijana anamaliza shule bila kuonyeshwa hata siku moja fomula hiyo inagoma wapi.

Inagoma jikoni kwao. Chukua mtungi wa kilo 15, ule uliopangwa nje ya maduka kuanzia Majengo hadi Nkuhungu. Ujazo wake ni lita 35 hivi. Tuseme ndani mna propeni tupu, ingawa kwa kawaida huchanganywa na buteni. Kilo 15 za propeni ni moli 340. Weka joto la nyuzi 27, piga hesabu: presha inatoka karibu mara 240 ya presha ya angahewa. Hakuna mtungi wa jikoni uliotengenezwa kubeba mzigo huo! Presha halisi kwa joto hilo ni kama mara 10 tu.

Kikokotoo hakijakosea. Fomula inachukulia kwamba molekuli hazina ukubwa na hazivutani, na ndani ya mtungi zimesongamana na kuvutana mpaka sehemu kubwa imekuwa kimiminika. Mholanzi Johannes van der Waals aliyaingiza mambo hayo mawili kwenye hesabu mwaka 1873, na mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kipimo cha kugoma huko ni Z, yaani PV ukiigawa kwa nRT. Kwa gesi timilifu, yaani ile inayoitii fomula kikamilifu, ni 1. Hewa ya darasani iko hapo hapo karibu na 1, kwa hiyo kwa pampu ya baiskeli kanuni ya Boyle (ujazo ukipungua, presha inapanda) inatutosha kabisa. Methani iliyoshindiliwa kwenye tangi la bajaji ya gesi, kwa presha ya mara 200 hivi, Z yake ni kama 0.85, maana yake tangi linabeba gesi nyingi kuliko fomula inavyosema. Na methani haigeuki kimiminika kwa joto letu hata uibane vipi, kwa sababu mpaka wake, yaani joto ambalo juu yake gesi haigeuki kimiminika, ni nyuzi 82 chini ya sifuri. Wa propeni ni nyuzi 97 juu ya sifuri. Ndiyo maana matangi ya bajaji ni mazito vile na mtungi wa nyumbani ni mwepesi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi itazidi kuingia majumbani, na bado watu wanaamini geji itawaambia gesi imebaki kiasi gani. Haiwezi. Maadamu kimiminika kipo, presha inafuata joto. Mama ntilie mwenye jiko kubwa anaona mtungi unatoka jasho na moto unafifia, hasa asubuhi za Julai, kwa sababu kimiminika kikigeuka gesi kinanyonya joto la mtungi wenyewe.

Walimu wenzangu, tufanye ile hesabu ya 240 ubaoni kwanza, bila kuwatahadharisha. Halafu tulete mtungi wenye geji, jiko na mizani, tuwashe moto mdogo, na tuwaache wajieleze kwa nini uzito unashuka na presha imebaki pale pale.