Anza na skripti ya kuzima, ya kuwasha ije baadae

Watu wengi wakianza kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi) kwa skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, kitu cha kwanza wanachoandika ni skripti ya kuwasha. Inaeleweka, maana ni rahisi na inapendeza, unaandika `virsh start` (virsh ni amri ya libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe kwenye Linux) au `VBoxManage startvm web1 --type headless` (hiyo ni ya VirtualBox) ndani ya loopu, unagonga enter, mashine tano zinaamka kwa mpigo na dirisha hata moja halijafunguka. Mi nasema hapo ndo wengi wanaishia na sio pazuri pa kuishia, kwasababu kuwasha ni kazi ambayo hata ikifeli haiharibu kitu, mashine haijawaka basi utaiwasha tena. Kuzima ndo kunaharibu. Databezi inaandika diskini, we umekata, sa unaanza kuomba Mungu faili zifunguke.

Na tatizo la kuzima ni kwamba amri yenyewe inakujibu mapema kuliko kazi. Ukiandika `virsh shutdown db1`, db1 ikiwa ni mashine ya databezi, unapata jibu hapohapo kwamba mashine inazimwa, alafu skripti yako inasonga mbele kwenye mstari unaofuata wakati db1 bado iko hai kabisa inafunga huduma zake moja moja. VirtualBox nayo ni vilevile, `VBoxManage controlvm db1 acpipowerbutton` inafanya kama mtu kabonyeza batani ya umeme, basi, haisubiri. Kama mfumo wa ndani hausikilizi hiyo batani, na zipo Linux zilizosetiwa kidogo kidogo ambazo hazina kitu cha kuisikiliza, hakuna kitakachotokea na hakuna atakayekwambia. Sa fikiria mstari unaofuata kwenye skripti yako ni wa kunakili faili la diski kama bakapu. Utanakili diski inayoandikwa, na hiyo kopi utaiamini mpaka siku unayoihitaji.

Kwahiyo skripti ya kuzima ya maana inatuma ombi, alafu inasubiri, inauliza hali kila baada ya sekunde chache, na ina kikomo. Hivi, `$m` ikiwa ni jina la mashine:

```
virsh shutdown "$m"
for i in $(seq 1 24); do
  hali=$(LC_ALL=C virsh domstate "$m")
  [ "$hali" = "shut off" ] && break
  sleep 5
done
```

Dakika mbili hizo. Kwa mashine ya tovuti ndogo zinatosha na kubaki, kwa databezi kubwa ongeza. Hiyo `LC_ALL=C`, inayolazimisha jibu liwe la Kiingereza, usiitoe, maana virsh imetafsiriwa kwa lugha kadhaa na kwenye kompyuta iliyosetiwa lugha nyingine jibu halitakuwa "shut off", skripti itasubiri mpaka kikomo kila siku hata kama mashine ilishazima zamani. Ni kitu kidogo lakini ndo vitu vinavyotofautisha skripti inayofanya kazi kwako na inayofanya kazi popote. Kingine cha namna hiyo, `virsh list --name` inatoa majina matupu bila jedwali, ni nzuri sana kwa loopu, ila mwishoni inaacha mstari mtupu, kwahiyo ukisoma kwa `while read` ruka majina matupu, usiende kuiambia virsh izime kitu kisicho na jina.

Kikomo kikifika na mashine bado iko hai ufanyeje? Hapa watu tunatofautiana. Wengi wanaweka `virsh destroy` moja kwa moja. Amri hiyo haifuti mashine wala diski, inachomoa umeme tu, lakini kuchomoa umeme kwenye databezi ni jambo zito na mi siamini skripti inapaswa kuamua hilo yenyewe kwa kila mashine. Weka orodha mbili. Mashine za majaribio, zile unazotengeneza asubuhi na kuzifuta jioni, chomoa bila huruma. Mashine zenye data za watu, skripti isimame, iandike kwenye logi, irudishe namba ya kosa, na mtu mwenye akili timamu aje aangalie. Kuna anayesema hiyo sio otomatiki tena. Ni otomatiki inayojua mipaka yake, na mi nalala vizuri zaidi nayo.

Kwenye hili nawapa heshima waliotengeneza amri za Hyper-V (programu ya Microsoft ya mashine pepe) ndani ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows. Kule amri zinapeana vitu kamili na sio maandishi ya kukatakata, unaandika `Get-VM | Where-Object State -eq 'Running' | Stop-VM` na hamna mambo ya lugha wala mistari mitupu. Kuchomoa umeme lazima uandike mwenyewe `-TurnOff`, na zaidi ya yote kuna `-WhatIf`, inakuonyesha ingefanya nini bila kukifanya. Mi natumia bash, lugha ya amri ya Linux, kwa asilimia kubwa ya kazi zangu na bado nasema wametuzidi hapo. Ila hakuna kinachotuzuia kuiga, weka kigezo cha majaribio kwenye skripti yako, kikiwepo iwe inachapisha amri tu bila kuziendesha, ni mistari michache na faida yake ni kubwa mno hasa kwenye skripti inayogusa mashine nyingi.

Dirisha la kubofya silichukii, kusimika mfumo mara ya kwanza au kuona skrini ya mashine iliyogoma kuwaka, tumia. Lakini mibofyo haibaki popote. Mwenzako akikuuliza mashine hii ilipewaje ram na nani aliongeza diski, hakuna cha kumuonyesha, wakati skripti ikiwa kwenye git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, jibu lipo na tarehe yake ipo. Na kwa mtu mwenye intaneti ya kusuasua, `virsh -c qemu+ssh://mtumiaji@seva/system list --all`, yaani kuiuliza seva ya mbali kwa maandishi tu, inapita pale ambapo skrini ya mbali inagandaganda.

Baada ya skripti kukaa sawa, kuna kitu kimoja watu wa libvirt wanakisahau, nacho ni mashine mama yenyewe, ile kompyuta halisi inayobeba mashine pepe, ikizimwa. Ipo huduma inaitwa libvirt-guests, faili lake la mipangilio unaweza kuliambia mashine za ndani zilazwe au zizimwe kwa utaratibu, na isubiri sekunde ngapi. Hakikisha imewezeshwa, linganisha muda wake na kikomo ulichoweka kwenye skripti yako visipishane, alafu zima mashine mama makusudi siku ambayo hamna mtu anaitegemea, iwashe, na usome logi za databezi ya ndani uone kama iliagwa vizuri au ilikatwa.